Kuosha Gari Jeusi Bila Kulikwaruza

(Hotuba iliyotolewa asubuhi ya siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na mmoja wao, dereva mstaafu wa Ngulyati, Wilaya ya Bariadi)



Waliotangulia kusema hapa ni daktari na hakimu, na wote wawili wametupa maneno mazito. Mimi nilimaliza Kidato cha Nne mwaka 1977, sikuchaguliwa kuendelea, nikawa utingo wa lori, kisha mwosha magari, kisha dereva kwa miaka 37. Kwa hiyo Katibu aliponiandikia kuniomba niseme juu ya maisha baada ya shule, nilimjibu kwamba sehemu kubwa ya maisha yangu baada ya shule imo ndani ya ndoo ya maji, na kama ataniruhusu nitasema juu ya ndoo hiyo. Ameniruhusu. Najua wapo waliocheka walipoona kichwa cha hotuba kwenye ratiba. Wacheke tu, muda ninao.

Lakini ninayo sababu ya pili, nayo wengi wenu mnaijua kwa kuwa mlikuwapo.

Mwaka jana, siku kama ya leo, nilikuja hapa na gari langu jeusi. Ni Toyota Crown iliyokwisha kutumika Japani, niliyoinunua mwaka 2018 kwa kiinua mgongo changu, na ndiyo inayonilisha uzeeni. Siku za Jumamosi hukodishwa kubeba maharusi Bariadi mjini, na mtu akikodi gari la harusi hakodi injini, anakodi rangi. Sasa, wakati sisi wageni tulipokuwa ndani tunakula wali, vijana watatu wa Kidato cha Pili waliona magari yetu yamejaa vumbi wakaona wafanye wema. Hakuna aliyewatuma. Walichukua dasta za darasani, wakachukua sponji ya kusugulia sufuria jikoni, wakateka ndoo moja ya maji, na kwa ndoo hiyo moja wakaosha magari manne. Langu lilikuwa la nne.

Nilipotoka nje gari lilikuwa bado limelowa, na gari jeusi likilowa ni zuri kuliko kitu chochote. Jua lilipolikausha ndipo nikaona. Boneti nzima, paa na milango vilikuwa na duara juu ya duara, mistari myembamba isiyohesabika, kama buibui amelala juu yake usiku kucha. Mahali pamoja, juu ya tairi la nyuma, palikuwa na mikwaruzo mirefu ambayo ukucha uliweza kuihisi.

Nilifanya nini? Nilipaza sauti. Kijana aliyekuwa bado ameshika sponji nilimwita jina ambalo sitalirudia mbele ya walimu wake, na nilimwita hivyo mbele ya wenzake na mbele ya wageni. Yeye aliniamkia kwanza. Alisema, "Shikamoo mzee. Nilitaka ling'ae." Mimi sikuitikia. Nilipanda gari nikaondoka.

Wiki iliyofuata bwana harusi mmoja alikuja kulitazama gari, akalizunguka mara mbili, akasema kwa adabu kwamba atatafuta jingine. Hasara hiyo niliibeba, na fundi wa rangi wa Mwanza niliyempelekea gari aliniongezea nyingine. Lakini kitu kilichoninyima usingizi si fedha. Nilipofika nyumbani Ngulyati jioni ile, mama watoto aliuliza gari limepatwa na nini, nikaanza kumsimulia kwa hasira, na nikiwa katikati ya maneno nikaikumbuka Mwanza ya mwaka 1979. Nikanyamaza.

Mwaka ule nilikuwa mwosha magari katika ofisi moja mjini Mwanza. Nilikuwa nimezoea malori, na lori tuliliosha kwa ufagio na gunia. Mkubwa wa ofisi alikuwa na Peugeot 404 nyeusi. Ninyi vijana hamkuiona enzi za 404. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki kwa gari hilo mwaka 1966 na tena mwaka 1967, na tangu hapo kila mkubwa alitaka 404 kama mchungaji anavyotaka dume la ng'ombe lenye pembe ndefu. Basi mkubwa wetu alirudi kutoka safari ya Bariadi, wakati huo ikiwa bado Mkoa wa Shinyanga, mwezi wa Machi, mvua zimekolea, na gari limepakwa tope la mbuga hadi madirishani, nalo tope limekauka. Nikaambiwa nioshe. Nikachukua gunia.

Nilisugua kwa nguvu zote za ujana. Gunia likawa jeusi, nikafurahi kwamba uchafu unatoka. Kumbe si uchafu, ni rangi yenyewe, kwa sababu magari ya wakati ule mengi hayakuwa na vanishi juu ya rangi. Ukisugua, unaondoka na rangi. Kilichobaki kilikuwa kama ubao wa darasa uliofutwa vibaya. Mkubwa alipoliona hakusema sana. Aliamuru nikatwe mshahara miezi mitatu.

Palikuwa na dereva mzee pale, mtu wa maneno machache, aliyekuwa akiendesha gari hilo. Alikwenda kwa mkubwa akamwambia, "Huyu hakufundishwa, na mwenye kazi ya kumfundisha nilikuwa mimi. Tukate wote wawili." Akakatwa pamoja nami, nusu kwa nusu, naye akiwa na watoto wengi kuliko vidole vya mkono mmoja. Kisha Jumamosi akaniita uani, akaweka ndoo mbili chini. Yote nitakayosema leo yalianzia hapo, ingawa mengine nimeyajua baadaye kwa mafundi wa rangi na kwa kusoma.

Kijana wa sponji yupo humu ndani, safu ya nne, nimemwona. Simtaji. Namwambia tu: marahaba, mwanangu. Imechelewa mwaka mzima.

Sasa tuingie kazini.

Watu husema gari jeusi linakwaruzika haraka. Si kweli. Rangi nyeusi na rangi nyeupe za kiwanda kimoja zina ugumu ule ule. Tofauti ni kwamba nyeusi haifichi. Gari jeupe hurudisha karibu mwanga wote unaolipiga, kwa hiyo mkwaruzo ukirudisha mwanga kidogo zaidi haujulikani, ni sawa na kuwasha kibatari mchana. Gari jeusi hulimeza jua, na mkwaruzo wowote ni ukuta mdogo unaorudisha mwanga kwenye jicho. Ni kibatari usiku. Hata zile duara mnazoziona kulizunguka jua kwenye boneti si kwamba aliyeosha alizungusha mkono pale tu. Mikwaruzo imelala pande zote ovyo, ila inayowaka ni ile iliyokaa kukingama na mwanga, na kwa kuwa mwanga unatoka mahali pamoja, jicho linaona duara. Sogea hatua mbili, duara nalo linakufuata.

Magari ya siku hizi yana tabaka kadhaa. Kwenye bati kuna rangi ya msingi, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi isiyo na rangi, ambayo mafundi huiita kliya. Vanishi hii ilienea katika magari ya viwandani miaka ya 1980 na kuendelea. Unene wake kwa kawaida ni kama mikroni 40 hadi 50, na mikroni 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja. Unywele wa kichwani una kama mikroni 70. Kwa hiyo kile tunachokiita uzuri wa gari ni ngozi nyembamba kuliko unywele, nayo haioti tena. Kila mkwaruzo na kila usuguaji wa fundi hula humo humo. Ikiisha, imeisha, utapiga rangi upya.

Ni nini kinachoikwaruza? Hapa naomba wanafunzi wa sayansi wanisikilize. Mwaka 1812 Mjerumani mmoja, Friedrich Mohs, aliyapanga madini kwa ugumu kuanzia 1 hadi 10, almasi ikiwa 10. Kioo cha dirisha kiko karibu na 5 na nusu, na kisu cha chuma kiko hapo hapo jirani. Kwatzi, ambayo ndiyo punje ngumu katika mchanga, ni 7. Na sisi Wasukuma tunaishi juu ya kwatzi. Yale majabali mnayoyaona vilimani ni matale, yamejaa kwatzi, na yanapomomonyoka kwa miaka mingi ndipo tunapata luseni, ule mchanga wa juu tunaolimia. Upepo wa Agosti ukivuma kwetu Ngulyati, vumbi linalotua kwenye boneti lina punje za jabali ndani yake. Ukipitisha kitambaa kikavu juu ya vumbi hilo, hata kitambaa kiwe laini kama shavu la mtoto, wewe unapiga msasa. Kitambaa ni mkono tu, kinachokata ni punje. Vijana wa mwaka jana walilaumiwa kwa sponji, na kweli ile ya kusugulia sufuria ina upande mbaya, lakini nawaambia hata wangekuwa na hariri, kwa maji yale ya ndoo moja wangelikwaruza vile vile.

Bondeni mambo ni mengine. Udongo mweusi wa mbuga ni mwororo, lakini hunyonya maji ukavimba, na ukikauka hushika kama saruji, nao haukosi punje za mchanga ndani. Ukiukwangua ukiwa mkavu unaburuta punje zote kwa mkupuo mmoja. Hilo ndilo nililomfanyia mkubwa wa 404. Tope la mbuga halisuguliwi, linalainishwa kwanza. Unalimwagia maji taratibu, unasubiri, unalimwagia tena, hadi lianguke lenyewe kwa uzito wake. Nimewahi kusubiri saa nzima nikinywa chai, watu wakidhani mimi ni mvivu.

Basi kanuni ya kazi ni moja, na nyingine zote ni watoto wake: punje ziondoke kabla mkono haujagusa gari, na zikitoka zisirudi.

Anza na kivuli. Gari jeusi lililosimama juani mchana, bati lake huweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Maji na sabuni hukaukia hapo hapo yakaacha madoa. Acha lipoe. Ila chagueni kivuli cha ukuta kuliko kivuli cha mti, maana mti una utomvu na una ndege. Kinyesi cha ndege kina asidi, na juu ya bati la moto hula vanishi kwa muda mfupi kikaacha alama isiyotoka kwa maji. Ukikikuta, usikifute kikavu. Weka kitambaa kilicholowa juu yake, kiache dakika chache, kisha kiinue.

Wala msilipeleke gari mtoni. Najua ni rahisi, na najua wengi wetu tumefanya. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto zinazoweza kuuharibu, na maji ya kule chini kuna mtu anayeyanywa. Leteni maji kwenye gari.

Hapo mtaniuliza, maji yapi, mzee, wakati wa kiangazi dumu moja linauzwa? Swali la haki. Mpira wa maji wa bombani ni kitu cha mjini. Mimi kwangu natumia bomba la mgongoni, lile la kupulizia dawa ya pamba, la lita 16. Lakini sikilizeni vizuri: liwe jipya, halijapata kutiwa dawa hata siku moja, na liandikwe MAJI kwa rangi kubwa ili ndugu yako asije akalichukua kwenda shambani na kulirudisha kimya kimya. Dawa ya wadudu haitoki kwa kusuuza mara mbili. Bomba hilo linarusha maji kwa msukumo kidogo, na kwa lita 16 unaweza kulowesha Crown nzima na kushusha vumbi jingi lisiloshikamana. Anza juu, paa, kisha vioo, boneti, milango, na chini kabisa mwisho. Uchafu mzito uko chini, usiupandishe.

Kisha ndoo mbili. Hii ndiyo Jumamosi yangu ya 1979. Ndoo ya kwanza ina maji ya sabuni. Ndoo ya pili ina maji matupu. Unachovya kitambaa kwenye sabuni, unapitisha sehemu moja ya gari, tuseme nusu ya paa, halafu kabla hujarudi kwenye sabuni unakisuuza kwenye maji matupu na kukikamua. Mchanga unabaki ndoo ya pili. Ukitumia ndoo moja, kila ukichovya unachota tena mchanga ulioutoa, na gari la nne linaoshwa kwa mchanga wa magari matatu. Mkimaliza leo tazameni chini ya ndoo ya pili, mtaona tope limetuama kama mashapo ya togwa. Mashapo hayo yote yangekuwa kwenye boneti.

Magurudumu yana kitambaa chake na maji yake, na kitambaa hicho kisivuke kamwe kwenda juu. Breki hutoa unga wa chuma.

Mkono uende wima au mlalo, mstari ulionyooka, bila kukandamiza. Sababu yake ni kwamba hata ukikosea na punje moja ikabaki, mkwaruzo ulionyooka unaonekana ukitazamwa upande mmoja tu, na wa kuzungusha unaonekana pande zote. Kitambaa kikianguka chini, kimeacha kazi. Usikikung'ute ukaendelea. Nimewafukuza kazi vijana wawili kwa jambo hilo, mmoja nikamrudisha.

Kitambaa gani? Siku hizi kuna maikrofaiba, kitambaa cha nyuzi nyembamba sana ambazo huibeba punje ndani ya manyoya badala ya kuiburuta juu. Madukani kipo na bei yake si kubwa. Kifuliwe peke yake, bila kuchanganywa na taulo zenye nyuzi zinazonyofoka. Kama hakipatikani, fulana ya zamani ya pamba iliyofuliwa mara nyingi inafaa, mradi ukate mishono, vifungo na maandishi yaliyochapwa. Wapo wanaoniambia, sisi ni watu wa pamba, kwa nini tusitumie pamba yenyewe ya shambani? Nilijaribu. Pamba mbegu ina vipande vya majani makavu, ina maganda, ina vumbi la shamba lile lile la luseni. Ipelekeni kwenye jineri.

Juu ya sabuni nitasema kidogo. Sabuni ya unga ya kufulia huondoa mafuta, na nta ni mafuta, kwa hiyo inalivua gari koti lake. Sabuni ya mche kwenye maji ya kisima yenye chumvi huacha utando mweupe. Shampuu ya gari ndiyo bora, kijiko kimoja au viwili vinatosha ndoo. Mwaka 1982 na 1983, sabuni ilipokuwa adimu hata ya kuogea, tuliosha magari ya ofisi kwa majani ya mpapai yaliyopondwa, na niseme ukweli, hayakukwaruza kitu.

Kukausha ndiko watu wanakoharibu kazi nzuri. Wakishaona gari safi wanalegea. Maji yetu yana chumvi. Ukiyaacha yakauke yenyewe kwenye rangi nyeusi utaona madoa meupe ya duara, na ukiyaacha juani mara nyingi hayatoki tena. Suuza mara ya mwisho, kisha tandaza taulo kubwa safi juu ya boneti, livute kuelekea kwako taratibu au ligonge gonge kwa kiganja, lisugulike kidogo iwezekanavyo. Kwenye kona na chini ya vioo vya pembeni maji hujificha na kutoka baadaye, kwa hiyo fungua milango na buti, pitia huko mwisho.

Sasa nta. Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo dukani vinauzwa rafu moja na watu huviita jina moja. Polishi ina punje ndogo sana za kukata. Kazi yake ni kulainisha mkwaruzo kwa kuila vanishi kuuzunguka. Nta haikati, inafunika. Mtu anayepaka polishi kila mwezi akidhani anapaka nta, baada ya miaka michache atalikuta bati. Soma kibandiko. Kama kimeandikwa kwa lugha usiyoijua, paka kidogo kwenye kidole na usugue na kidole kingine: ukihisi chenga chenga, hiyo inakata.

Nta inayosifiwa zaidi ni ya kanauba, inayotoka kwenye majani ya mchikichi wa aina yake unaoota kaskazini-mashariki ya Brazili. Huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86, na ndiyo maana inastahimili juu ya bati la jua. Mimi kwa uzalendo wangu niliwahi kusema, kwa nini tununue nta ya Brazili wakati Tanzania inauza nta ya nyuki nchi za nje, na Tabora haiko mbali? Nikayeyusha nta ya nyuki na mafuta ya taa kidogo, nikapaka, gari likang'aa mno. Nikaenda nalo Lamadi. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na huanza kulegea kabla ya hapo. Njiani boneti ilipata joto, ikanata, na vumbi lote la barabara likaja kukaa juu yake kama sisimizi kwenye sukari. Siku mbili nilikuwa nalisafisha. Nta yetu ni nzuri kwa mishumaa na kwa viatu.

Ukipaka nta, gari liwe safi, kavu na limepoa. Paka sehemu moja kwa wakati, tabaka jembamba sana. Nta nene haiongezi kitu, inaongeza kazi ya kufuta. Acha igeuke ukungu, pitisha kidole, kikiacha njia safi basi iko tayari, futa kwa kitambaa kingine kisafi na ugeuze upande kila mara. Mvua ya kwanza itakujulisha kama umefanya vizuri, maji yatasimama kama shanga na kuteleza. Yakianza kutandaa, nta imekwisha. Kwa barabara zetu ni kama miezi miwili au mitatu. Wenye fedha siku hizi hupakiwa kinga za kitaalamu zinazokaa miaka. Ni nzuri kwa maji na jua, lakini vumbi la luseni halijali umelipa kiasi gani, na kuosha ni kule kule.

Nta haizuii punje. Inalainisha njia yake tu, na inafanya uchafu usishikamane sana. Nasema hivi kwa kuwa nimeona mtu amepaka nta asubuhi na mchana anapangusa vumbi kwa kanga ya mkewe.

Nisisahau ndugu zetu wanaopangusa kwa kitambaa chenye dizeli. Linang'aa saa moja, kisha mafuta yanakusanya vumbi lote la wilaya. Na dawa ya meno juu ya mkwaruzo ni polishi ya kubahatisha. Na mafuta ya breki yakidondoka kwenye rangi, mwaga maji mengi hapo hapo wala usisubiri kumaliza unachokifanya, maana yanaila rangi kama moto.

Kama mkwaruzo umeshatokea, pitisha ukucha kwa upole. Usipokwama, umo kwenye vanishi na fundi mwenye mkono mzuri anaweza kuupunguza. Ukikwama, umekwenda chini, na kuusugua ni kuharibu zaidi. Hapo panatakiwa rangi. Fundi wa Mwanza aliziondoa duara za boneti yangu, lakini ile mistari juu ya tairi la nyuma alinishauri niiache. Nimeiacha. Ipo mpaka leo. Bwana harusi mwenye macho makali huiona, nami humpunguzia elfu kumi.

Ndugu Mwenyekiti, naona umetazama saa. Gari lile lile nimekuja nalo, limeegeshwa nje, na makusudi sikuliosha tangu Jumatano. Kuna vumbi la luseni juu, na chini kuna tope la mbuga nililolitafuta mwenyewe kwenye lambo. Nimekuja na madumu manne ya maji yangu, ili shule isipungukiwe, na bomba, na ndoo mbili. Nta itasubiri mchana, tukishakula. Atakayeanza ni yule kijana wa safu ya nne kama atapenda, mimi nitakuwa namsuuzia kitambaa. Wengine mje upande wa magharibi wa bweni lile, kwenye kivuli cha ukuta, kabla jua halijatuzunguka.